Kumfunga, kumlambisha, kumzoesha au kusubiri ridhaa yake: njia ipi humtuliza mbwa juu ya meza ya kunyolea?

Mbwa wawili wako juu ya meza ya kunyolea. Kila mmoja amesimama dakika kumi bila kusogea. Wa kwanza amefumba mdomo kwa nguvu, mkia ameubana tumboni, macho ameyatupa pembeni hadi weupe wake unaonekana, na ukimpelekea kipande cha kuku puani anageuza uso. Wa pili amelegeza mguu mmoja wa nyuma, mdomo uko wazi kidogo, anageuka kunusa mkasi unapopita, na nyama anaipokea taratibu bila kunyakua. Mtu anayepita mlangoni atakwambia wote wawili wametulia. Ametulia mmoja tu. Yule mwingine ameganda, na kuganda ni woga uliokosa pa kukimbilia.

Nimeanza na hao wawili kwa sababu kila njia ya kumfundisha mbwa kukaa mezani hunadiwa kwa neno hilohilo, utulivu, ilhali baadhi hukupa mbwa wa kwanza na nyingine hukupa wa pili. Mimi kazi yangu ni kuchana na kunyoa mbwa. Miaka yangu ya mwanzo wengi waliopita mikononi mwangu walikuwa wa aina ya kwanza, nami niliamini nawatendea vizuri. Kwa hiyo hapa sizipimi njia kwa kuangalia ipi itamfanya mbwa asimame. Karibu zote humsimamisha. Nazipima kwa jambo moja: mbwa akishuka leo, ameondoka na somo gani kuhusu meza, na siku akirudishwa atapanda vipi?

Msimamo wangu ni huu. Kwa mbwa wengi, chagua kumzoesha hatua kwa hatua, chakula kikifuata kifaa. Kwa kucha, macho na masikio, ongeza mafunzo ya ridhaa, yaani mbwa mwenyewe anakuonyesha kwamba yuko tayari. Kitanzi cha shingoni, kile kinachofungwa kwenye nguzo ya meza, kibaki kuwa kinga ya kuanguka tu. Na kwa mbwa mwenye hofu kubwa au maumivu, nenda kwa daktari wa mifugo mapema, usimfanye daktari kimbilio la mwisho. Sababu zangu zinafuata.

Meza yenyewe kwanza

Kuna mbwa ambao shida yao haihitaji mafunzo yoyote, inahitaji kitu kisichoteleza chini ya miguu. Meza ya chuma au ya plastiki iliyolowa humfanya mbwa akunje vidole na kukaza misuli yote ili asianguke, na mwili uliokazana hauwezi kutulia hata ukibembelezwa vipi. Tandika mpira wa kukanyagia ulioenea meza nzima. Isukume meza kwa mkono. Ikiyumba, itengeneze kabla ya kumpandisha mtu wako wa miguu minne. Anayeweza kupanda mwenyewe kwa ngazi au ubao wa mteremko apewe nafasi hiyo, maana kunyanyuliwa ghafla kunawatisha mbwa wengi kuliko meza yenyewe.

Kisha uangalie mwili. Nyonga zenye baridi yabisi, sikio lenye maambukizi, manyoya yaliyosokotana hadi yanavuta ngozi: vyote hivyo huuma, na mbwa anayeumia akisimamishwa nusu saa atajifunza kwamba meza ndiyo inayouma. Ukiona mbwa aliyekuwa hana neno ameanza kung'aka ghafla anaposhikwa mahali fulani, mafunzo yasimame hadi daktari amtazame.

Kumfunga mpaka azoee

Hii ndiyo njia ya zamani. Nguzo inabanwa ukingoni mwa meza, kitanzi kinapita shingoni, na mara nyingine mkanda wa pili unapita tumboni mbele ya miguu ya nyuma. Kazi inaanza. Wanaoitetea husema mbwa atapigana, atachoka, kisha atazoea.

Faida yake ni ya kweli na sitaificha: inaanza kufanya kazi leo hii, haihitaji maandalizi, na inamzuia mbwa asiruke na kuvunja mguu. Mashaka yangu yako kwenye hilo neno "atazoea". Mwaka 1967 wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio yaliyofanywa kwa mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka. Baadaye, walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kidogo kungetosha kuwaokoa, wengi wao hawakujaribu. Walilala na kuvumilia. Meza ya kunyolea si shoti ya umeme, lakini mbwa aliyejaribu kila njia ya kujinasua na zote zikashindwa anaweza kufikia hali inayofanana na hiyo. Ukimtazama kwa mbali, ni mpole ajabu. Ukimpelekea nyama, haitaki.

Tena, somo hilo halidumu kwa mbwa wote. Wengine hupigana zaidi kila ziara, wakaanza kunguruma. Hapo mtu akiwafokea wanaponguruma, wanaacha kunguruma na kubaki na meno. Kunguruma ni onyo, na onyo ni zawadi kwa mkono wako. Usimwadhibu mbwa kwa kukupa.

Kuna na hatari ya wazi kabisa: mbwa aliyefungwa shingoni akiruka kutoka mezani anaweza kunyongwa. Kwa hiyo hata kwa dakika moja, hata kama unafuata taulo hatua tatu tu, usimwache mbwa mezani akiwa kwenye kitanzi. Mkono mmoja ubaki mwilini mwake.

Kitanzi sijakitupa. Nakitumia kikiwa kimelegea muda wote wa kazi. Kikikazika, najua mbwa ameanza kuondoka, nami nasimama kutafuta sababu. Kukikaza kisha kuendelea na mkasi, hilo ndilo nililoliacha.

Kumlambisha au kumzoesha: chakula kije lini?

Njia hizi mbili huchanganywa kila siku kwa sababu zote zina chakula. Tofauti yake iko kwenye mpangilio tu, na mpangilio huo ndio unaoamua kila kitu.

Kumlambisha ni hivi: unapaka siagi ya karanga au chakula laini kwenye kitambaa cha mpira chenye vinundu, unakibandika ukutani au kwenye nguzo ya meza, mbwa anashughulika kulamba huku wewe unakata kucha. (Soma kibandiko cha siagi ya karanga. Sukari mbadala iitwayo zailitoli ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo.) Ni njia rahisi, haihitaji ustadi, na kwa mbwa mwenye wasiwasi mdogo inatosha kabisa. Kulamba kwenyewe huonekana kuwatuliza wengi.

Lakini tazama kinachotokea kwa mbwa mwenye hofu. Chakula kinatangulia, kisha kucha inakatwa. Mara ya pili, chakula, kisha kucha. Mara ya nne mbwa anaona kopo la siagi na anaingia chini ya kiti. Nilikuwa na jike mmoja mwenye manyoya marefu aliyefikia hapo mikononi mwangu. Alipenda siagi ya karanga kuliko kitu chochote, na baada ya miezi mitatu harufu yake peke yake ilimfanya atetemeke. Chakula kilikuwa kimekuwa tangazo la kucha.

Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov alilionyesha jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita: ishara inayotangulia ndiyo inayobeba maana ya kinachofuata. Ukitaka mkasi uwe habari njema, mkasi utangulie na nyama ifuate. Ukigeuza mpangilio, nyama inakuwa habari mbaya. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza alivyomsaidia mtoto aliyekuwa akiogopa sungura: sungura alisogezwa karibu kidogo kidogo huku mtoto akipewa chakula anachokipenda, hadi mwishowe akaweza kumgusa. Mambo mawili yalifanya kazi pamoja, umbali unaopungua polepole na kitu kizuri kinachoambatana na kile cha kutisha. Kumzoesha mbwa meza ni hayo hayo mawili.

Kwa vitendo, inakwenda hivi. Brashi inatokea, inagusa bega sekunde moja, inaondoka, nyama inakuja. Brashi ikiwa haipo, nyama haipo. Unarudia hadi siku moja brashi inatokea na mbwa anageuka kuutazama mkono wenye nyama kwa hamu. Huo mgeuko wa kichwa ndio unaousubiri, ndiyo ruhusa yako ya kusonga hatua inayofuata: sekunde tatu badala ya moja, au mgongo badala ya bega. Usiongeze vyote kwa pamoja. Ukiongeza muda, baki mahali palepale. Ukihamia mahali papya, punguza muda.

Meza nayo inazoeshwa vivyo hivyo. Kwanza ule mpira wa kukanyagia uwe sakafuni, mbwa apande na kula juu yake. Kisha juu ya sanduku la chini. Kisha juu ya meza bila kifaa chochote kuonekana, apande, ale, ashushwe. Mara tano za kupanda na kushuka bila kufanyiwa lolote zina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mashine ya kunyolea ndiyo inayodai subira zaidi. Mwanadamu husikia hadi karibu hezi 20,000, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, mbwa hufika takriban 45,000, kwa hiyo mlio ambao kwako ni mvumo mdogo kwake una sehemu ambazo wewe huzisikii kabisa. Iwashe ukiwa chumba cha pili huku mwenzako akimpa nyama. Isogeze siku baada ya siku. Mguse kwa mgongo wa mashine ikiwa imezimwa. Kisha ikiwa imewashwa, bado kwa mgongo, ili aujue mtetemo kabla hajaujua wembe. Ukifika kwenye kunyoa kweli, gusa wembe kwa ngozi ya ndani ya mkono wako kila dakika chache. Wembe hupata moto, na kuungua mara moja kunaweza kukurudisha wiki kadhaa nyuma.

Gharama ya njia hii ni muda. Mazoezi ni ya dakika 3 hadi 5, mara moja au mbili kwa siku, na kwa mbwa mzima mwenye kumbukumbu mbaya hesabu wiki, pengine miezi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Mbwa aliyewahi kukatwa nyama ya ndani ya kucha, pale penye damu na neva, hushtuka akiona hata kijiko kinachong'aa. Lakini kinachojengwa kwa njia hii hudumu, tena humfaidi kila atakayemshika baadaye. Kumlambisha kunakununulia leo. Nakutumia pia, ila kwa mbwa ambaye tayari anajua kwamba brashi ni jambo jema, na kitambaa cha kulamba nakileta baada ya brashi kuanza.

Kidevu juu ya taulo

Njia ya nne inamwachia mbwa usukani. Unamfundisha kuweka kidevu juu ya taulo lililokunjwa na kukiacha hapo. Kidevu kikiwa chini, unafanya kazi. Akikiinua, unaacha papo hapo, mkono mbali, bila kumlaumu. Akikirudisha, unaendelea. Wakufunzi wa wanyama wa majini na wa bustani za wanyama wametumia maarifa ya namna hii kwa miaka mingi: pomboo hujifunza kutoa mkia wake achukuliwe damu, twiga hujifunza kuweka ukwato achongwe, maana hakuna kamba ya kumshikilia twiga akikataa. Kwa mbwa, mkufunzi Chirag Patel wa Uingereza aliueneza mchezo wa ndoo, ambapo mbwa anaendelea kuitazama ndoo yenye chakula kama alama ya kusema "endelea", na akiangalia kando kazi inasimama.

Nilipoanza kuijaribu nilihofia kwamba mbwa akipewa nafasi ya kukataa, atakataa daima. Haikuwa hivyo. Siku za mwanzo wanakataa sana, wanakupima kama unasema kweli. Wakishajua kwamba mkono hakika utaondoka, hofu inapungua kwa sababu hawana tena haja ya kukimbia. Jike yule wa siagi ya karanga ndiye aliyenifundisha hili. Tuliacha siagi kabisa, tukaanza upya na taulo sakafuni, sekunde moja, tatu, kumi, kwa wiki nne bila kikata kucha kuonekana. Siku ya kwanza ya kukata tulikata kucha moja. Aliinua kidevu, nikaweka kikata kucha chini. Akakirudisha mwenyewe.

Ikilinganishwa na kuzoesha kwa kawaida, njia hii ina ubora kwenye sehemu ambazo mbwa hulinda zaidi: nyayo, macho, ndani ya masikio, chini ya mkia. Kwa kuchana mgongo sioni kama inahitajika. Utatumia wiki kutatua shida ambayo brashi na nyama zingeimaliza kwa siku tatu.

Udhaifu wake mkubwa uko kwetu sisi. Inadai uaminifu kamili. Ukiendelea "kidogo tu" baada ya kidevu kuinuka, umemwambia mbwa kwamba taulo ni mtego, na taulo hilo halitakuwa na kazi tena. Kwa hiyo usilitumie siku ambayo lazima umalize. Halafu inamfaa mwenye mbwa kuliko mnyoaji: wewe unaishi naye, una dakika tatu kila jioni; mnyoaji anamwona saa moja baada ya wiki kadhaa.

Dawa si aibu

Kuna mbwa ambao hofu yao iko juu sana kiasi kwamba hakuna umbali unaotosha wala nyama wanayoikubali. Akili iliyojaa woga haijifunzi somo unalotaka. Daktari wa mifugo anaweza kuandika dawa za kupunguza wasiwasi, kama trazodoni au gabapentini, zinazotolewa nyumbani saa moja au mbili hivi kabla ya kazi. Wengi hushauri zijaribiwe kwanza siku isiyo na kazi, muone zinavyomkaa mwilini. Muulize daktari wazi kama dawa anayoitoa inapunguza hofu au inazuia tu mwili kutembea. Asepromazini peke yake, kwa mfano, inaweza kumfanya mbwa alegee huku hofu ikibaki ndani yake, na wengine hushtushwa na sauti zaidi. Huyo ni mbwa wetu wa kwanza tena, safari hii aliyegandishwa kwa kidonge. Kamwe usimpe dawa yako wewe, wala ya mbwa mwingine.

Ikilinganishwa na kumfunga na kupigana naye, dawa iliyopimwa vizuri mara nyingi ni ya huruma zaidi. Ikilinganishwa na mafunzo, ni daraja: inashusha hofu kiasi cha mafunzo kuweza kuingia.

Kwa mbwa wako sasa

Kama ni mtoto wa mbwa, huna la kuwaza. Samaki mkunje angali mbichi. Kati ya wiki 3 na takriban wiki 14 za umri ubongo wake unapokea mambo mapya kwa wepesi ambao hautarudi, kwa hiyo mzoeshe meza, mtetemo wa mashine na kushikwa nyayo wakati huo hata kama hana manyoya ya kunyoa. Mpeleke kwa mnyoaji apandishwe tu, apewe nyama, arudi nyumbani.

Mbwa mzima mwenye wasiwasi wa kawaida, anayekula mezani ingawa anahangaika: mzoeshe, na siku ya kazi ongeza kitambaa cha kulamba. Anayekataa nyama mezani yuko mbali sana na hapo; rudi sakafuni, na kama hata sakafuni akiona brashi anatetemeka, anza na daktari.

Aliyewahi kuuma afundishwe kwanza kuvaa kifunga mdomo cha kikapu, kile kinachomwachia nafasi ya kuhema na kula, naye azoeshwe nacho kwa utaratibu uleule wa kifaa kwanza, nyama baadaye. Mikono yetu ikitulia, na mbwa hutulia. Mbwa mzee mpunguzie muda wa kusimama, mruhusu alale ubavu, gawanya kazi kwa siku mbili. Mapambo ya mkato yamwache. Anahitaji usafi tu.

Linabaki lile gumu: manyoya yamesokotana hadi ngozini, au kucha zimejikunja hadi zinachoma nyayo, na mafunzo hayajaanza. Kungoja miezi ni kumtesa. Hapo nyoa fupi, usipigane kuokoa urefu, na ikiwa hali ni mbaya afanyiwe kwa daktari akiwa amelazwa kwa dawa. Ila usilifanye zoezi hilo mahali unapokusudia kumfundishia. Kama meza ndiyo ya mafunzo, kazi ya dharura ifanyike sakafuni, kwenye taulo la rangi nyingine, hata chumba kingine. Mbwa hutofautisha mahali vizuri mno. Kesho yake mpandishe mezani, mpe nyama, mshushe, na usiguse hata unywele mmoja.